Shangazi Katoka Ng'ambo

Shangazi alitoka gerezani asubuhi, na jioni ileile baba akamkalisha meza moja na mkuu wa chama wa wilaya. Mgeni alishaalikwa kitambo. Baba, meneja wa benki, alikuwa anautaka ukurugenzi hadi anauota.

Shangazi alikuwa mwalimu. Alikamatwa kwa kuuliza darasani kwa nini uchaguzi wetu una mgombea mmoja. Miaka miwili wazazi wangu wakawaambia watu yuko ng'ambo kwa masomo. Mama alikuwa hata akiwafikishia majirani salamu zake.

"Wifi, nakuomba, leo tu," mama alimwambia jikoni, akimfunga kilemba kuficha kichwa kilichonyolewa. "Ulikuwa ng'ambo."

"Haya," shangazi akasema.

Mezani akaanza daktari, jirani yetu. "Enhe, tusimulie. Huko kuna baridi kweli?"

"Ya sakafu. Tulilala tumebanana, tukigeuka kwa zamu."

Uma wa baba ukagonga sahani. "Hosteli," akadakia. "Siku hizi zimejaa mno."

"Na chakula?"

"Maharage na mchanga. Ukilalamika, unachapwa nyayo."

"Wifi yangu kwa utani!" Mama akacheka. Wakacheka wote. Daktari, aliyeambiwa ukweli na baba siku ileile ya kukamatwa, alicheka mpaka akafuta machozi.

Mkuu wa chama hakucheka. Alijipakulia nyama taratibu. "Mwalimu, na hilo jino la mbele? Umeliacha hukohuko?"

"Waulize vijana wako, mzee."

Nilisubiri mtu mmoja aseme neno, lolote. Alijua mkuu, alijua daktari, tulijua sote.

"Mchuzi mtamu huu," mkuu akasema. Mama akaruka kumwongezea.

Shangazi akasimama, akavua kilemba, akakitupa kando ya bakuli. Makovu yakaonekana hadi kisogoni. Akatoka, nami nyuma yake. Baba akatuwahi getini.

"Dada, unataka kunimaliza?" alifoka kwa kunong'ona, asisikike ndani. "Mimi nina familia!"

"Na mimi ni nani?"

Baba alikuwa anachungulia dirisha la sebule, kuona kama mgeni anatutazama.

Ukurugenzi aliupata. Shangazi anaishi kwangu sasa, chumba cha kupanga juu ya duka la viatu, anafundisha watoto wa wapangaji. Juzi mama alikuja kututembelea, gari kaliacha mtaa wa pili lisije likatambuliwa. Alibisha hodi kwa kidole kimoja, polepole, kama mwizi.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango. Sikumfungulia.