Simu ya Mama Imeharibika Tena

Kazi yangu ni kusikiliza. Wahojaji wetu huenda nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanavyotumia simu na intaneti. Mazungumzo hurekodiwa, nami hukaa ofisini na vipokea sauti masikioni kuhakikisha hakuna mjanja aliyeketi kibandani akajihoji mwenyewe. Wapo hao. Nimeshafukuza wawili.

Rekodi hazina majina, zina namba tu. Jumatatu asubuhi nilifungua moja, mhojaji anauliza: "Bibi, unaweza kutuma ujumbe mwenyewe?"

"Ujumbe? Picha natuma, video napiga. Hata lile kundi letu la washonaji, msimamizi ni mimi."

Nikaduwaa. Sauti ile ndiyo iliyonibembeleza nikiwa mchanga. Kanuni inasema ukimtambua mhojiwa, mpe mwenzako rekodi. Sikumpa.

Mama yangu hajui simu! Kila Jumamosi huniita: mara sauti imepotea, mara maandishi yamekuwa madogo kama sisimizi. Naenda nimenuna, natengeneza nimesimama, ufunguo wa gari mkononi. "Mama, hapa pa kubonyeza nimekuonyesha mara ngapi?" Yeye hucheka tu: "Kichwa changu kizito, baba." Kisha chai, na habari za majirani ninazozisikiliza kwa sikio moja.

"Na simu ikisumbua, nani hukusaidia?" mhojaji aliendelea.

"Haisumbui. Mimi ndiye naisumbua." Akacheka. "Nina kijana wangu, kazi zimemzidi. Nikimwambia njoo unione, ni wiki ijayo, wiki ijayo. Nikimwambia simu imeharibika, huyo anakuja. Lakini usimwandike vibaya, mwanangu. Ni mtoto mzuri."

Nilivua vile vidude masikioni. Aibu ilinishika, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Maana Alhamisi iliyopita nilikuwa nimeelewana na fundi simu mmoja awe anakwenda kwa mama kila Jumamosi badala yangu. Nilimpigia mama kumweleza, tena kwa furaha, kama niliyempa zawadi. Akasema, "Haya, baba. Ahsante kwa kunifikiria." Na mimi, mtoto mzuri, nikaona nimetua mzigo.

Nikampigia fundi haraka kumwambia asiende tena.

"Kwani nirudi kufanya nini, bosi?" akajibu. "Nilikwenda juzi, mama akaniambia simu yake nzima, haitaharibika tena. Akanipa chai, nikaondoka."

Niliacha kazi mezani nikatoka. Njiani nilipanga maneno ya kumwomba radhi, kisha nikakumbuka siwezi kuyasema. Kila mhojiwa huahidiwa kwamba majibu yake ni siri, na ahadi ile niliiandika mimi.

Mama alifungua mlango, miwani puani. Aliniangalia, akaangalia na nyuma yangu, kama niliyekuja na watu.

"Leo Jumatatu," akasema. "Simu haina shida, baba. Fundi hakukwambia?"

"Kaniambia. Sikuja kwa ajili ya simu, mama. Nimekuja kukuona tu."

Uso ukambadilika. Akashika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Niambie taratibu, mwanangu," akasema. "Nani amekufa?"