Solo ya Damiano

Kila Alhamisi, nikishatoka sala za jumuiya, nilikuwa nalibeba gitaa la marehemu mume wangu Damiano mpaka kwa Evarist, kule Nsemulwa. Zamani hao wawili walikuwa bendi moja ya jazi hapa Mpanda. Damiano alipiga solo, Evarist akampigia rithimu. Nilikwenda kujifunza kwa sababu moja tu. Nilitaka ile solo aliyonipigia Damiano jioni ya harusi yetu, kijijini Usevya. Tangu tumzike, nikijaribu kuikumbuka, unakuja mwanzo wake tu, halafu inakatika.

Mimi ni mtu wa kwaya, sauti ya pili. Kwenye kwaya mwalimu anatupa nota, do mi so, tunazishika kama Baba Yetu, na anayeongeza la kwake anatolewa mstarini. Basi na gitaa nikalishika hivyo hivyo. Evarist alinicheka, akasema vidole vyangu vinatembea kama vinakwenda kupokea komunyo. Nikamjibu kwamba vyake vinatembea kama vimetoka kilabuni. Tukaendelea. Ncha za vidole zikaota sugu, nikaweza kuhama kutoka mshiko huu kwenda ule bila kutazama nyuzi.

Ndipo nikamwambia sasa nipo tayari, anipe nota za ile solo.

"Shemeji, sina," akasema. "Hakuna aliye nazo. Damiano hakurudia solo hata siku moja. Mimi nilimshikia njia tu, yeye akapita anakotaka."

"Lakini Usevya ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Hata unichinje, siikumbuki."

Niliinama. Ilikuwa kama tunamzika tena, na safari hii hata kaburi la kupalilia sikupewa. Nikaanza kulifunga gitaa kwenye kitenge niondoke. Evarist hakunizuia. Alianza kupiga rithimu ya wimbo ule wa harusi, taratibu, ikazunguka, ikazunguka. Akaniambia nisitafute alichosema Damiano, niseme ninachotaka kumwambia.

Nikakaa. Kidole cha kwanza kilikosea. Nikasubiri kukemewa, sikukemewa, nikaenda mbele. Nikamuuliza Damiano kama huko aliko amepumzika, kama Mungu amempokea, kama ananiona ninavyolima mpunga peke yangu. Hayakuwa maneno. Zilikuwa sauti chache tu, zikapanda, zikaishia juu. Hapo nikanyamaza, kama mtu anavyomwachia mwenzake nafasi ya kujibu.

Evarist angeweza kuijaza nafasi ile, maana vidole anavyo. Hakuijaza. Rithimu ikapita patupu, ikarudi ilikoanzia.

Nikauliza tena.