Barafu ya Aldan Inafungwa Saa Kumi na Mbili

Mjomba Uybaan alikuwa amebakiwa na jicho moja, nalo lilikuwa linazimika. Daktari wa macho aliyekuja Churapcha angeondoka kesho asubuhi. Kati yetu na Churapcha ulikuwepo mto Aldan, na njia ya magari juu ya barafu ingefungwa saa kumi na mbili jioni ile. Baada ya hapo ni kungoja barafu iyeyuke na kivuko kianze, mwezi mzima au zaidi.

Tangu tutoke Ust-Nera sikuwa nimepumzika. Milima, misonobari, vijiji visivyotoa moshi, halafu milima tena.

"Dyulus, unaendesha kama mwizi wa farasi," Mjomba alisema.

"Mwizi angeshafika."

Saa tisa tuliona lori limeinamia upande mmoja, boneti juu, na mtu kando yake akipunga mkono. Yaani mimi niliona. Kwetu gari likisimama njiani, nawe unasimama, hata kama mwenyewe ni adui yako. Nilikanyaga mafuta.

"Nini kile?" Mjomba aliuliza.

"Mti umeanguka."

Nani alikuwa nyuma yetu? Hakuna. Kila aliyetaka kuvuka alikwishapita asubuhi, na usiku baridi ingezidi tena. Nilijiambia kuwa mtu yule ana jiko, ana kuni, ana akili. Kilomita ishirini nilijiambia hivyo.

"Na ule mti," Mjomba alisema taratibu, "ulikuwa unapunga mkono?"

"Mjomba, jicho lako..."

"Jicho ni langu. Geuza gari."

Dereva wa lori alikuwa mwanamke, Sargylana, midomo imekauka kwa baridi. Ekseli ilikuwa imekatika.

"Nilikuona ukipita, kijana," alisema akijitupa kwenye kiti cha nyuma. "Nimekutukana mpaka bibi yako mzaa mama."

"Huyo ndiye mama yangu," Mjomba alisema.

"Ee! Nisamehe, baba."

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, nilitazama saa.

Tulifika mtoni saa kumi na mbili na dakika ishirini. Kizuizi kilikuwa chini, na maji yalitambaa juu ya barafu.

"Gari halipiti," mlinzi alisema. "Hata la waziri."

"Na miguu?" Mjomba aliuliza.

Mlinzi alimtazama lile jicho, akageukia birika lake. "Miguu sijaiona mimi."

Nilimpa Mjomba mkono. Aliupapasa, akaujua, akauachia.

"Wewe baki na gari. Dada huyu ataniambia kilichopo mbele."

Sargylana alichukua mti mrefu wa mlinzi wa kupimia barafu, akaanza kugonga barafu hatua kwa hatua, Mjomba ameshika mkanda wa koti lake. Nilisikia sauti yake ikipungua: "Maji hapa, baba. Pana nyufa, zunguka. Maji tena." Mara moja mguu wa Mjomba ulizama hadi gotini. Nilipiga kelele, na hakuna aliyegeuka.

Nusu saa nzima nilisimama kwenye kizuizi, mpaka nikawaona wakipanda ukingo wa pili, wadogo kama kunguru wawili, na taa za gari zikipunguza mwendo kando yao.