Migomba Isiyo na Mtu

Ramani ilibandikwa ukutani mwa ofisi ya kata, inang'aa kama kanga ya sikukuu, ingawa waliisifu kuwa ni ya enzi za Mjerumani. Nakala tu, walieleza, na watu wa Bukoba wakaalikwa waje kuwatafuta mababu zao humo. Kyaruzi hakuja kutafuta babu. Alijua babu yake alipolala: mgombani kwao, na kando yake Adventina, mke wa Kyaruzi, tangu masika yaliyopita. Kilichomleta ni kigingi chekundu cha mpaka walichokipiga wapima ardhi huko, kikaliacha kaburi la Adventina upande wa serikali.

Bwana ardhi, Datius, kijana wa Kaagya aliyekula ndizi za mama yake mpaka akapata shahada, alimpa kiti na heshima zote. Kisha akamweleza kwamba ile ni ardhi ya umma tangu zamani, stendi itajengwa, na marehemu atahamishwa. Ushahidi ule pale ukutani. Maduka ya Wahindi yalichorwa, boma lilichorwa, hata banda la farasi wa mkubwa fulani halikusahauliwa. Kwa akina Kyaruzi palichorwa vialama vya migomba.

"Hapa palikuwa na migomba tu, Ta Kyaruzi. Hapakuwa na mtu."

Kyaruzi aliacha shule darasa la tatu, na tangu siku hiyo hakuona kiongozi aliyemzidi kitu isipokuwa kiti. Alimtazama Datius kama anayetazama ndizi iliyoiva ganda tu.

"Kumbe kwenu Kaagya migomba hujitandikia nyasi yenyewe," alisema. "Na samadi hujimwagia. Nyumba ya mama yako iko wapi, mwanangu?"

Datius akakohoa.

"Mjibu mzee," alisema Ma Anatolia, aliyekuwa bado anamtafuta babu yake kwenye ramani. "Sote tumezaliwa katikati ya migomba. Wewe ulizaliwa juu ya mti?"

Watu wakacheka. Datius akaahidi kulifikisha suala kwa wakubwa. Kyaruzi akamshauri awapelekee na mkungu mmoja, huenda wamesahau unakotoka.

Kigingi kiling'olewa na kusogezwa mbali na kaburi siku ya gulio, wakati Kyaruzi hayupo, kama kazi ya wezi wa mbuzi. Hakuna aliyekuja kuomba radhi. Wakubwa hawana mdomo huo. Kyaruzi akalipanua lile tundu la kigingi chao, pale miguuni pa Adventina, akapanda chipukizi la mgomba na kulitandikia nyasi, ili watakaochora tena wapate cha kuona.