Tume ya Kuchunguza Mwanga wa Juzi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeteuliwa kuwa mjumbe wa Tume ya Kuchunguza Mwanga wa Juzi.

Huo mwanga wenyewe ni wa kweli, si wa ndotoni. Juzi jioni, hapa kwetu Tabora, uliwaka juu ya mapaa ya kota za reli, na kabla sijajua kuna nini ulishaondoka. Soko zima liliuona. Mimi nilikuwa nimeinama napepeta dagaa wangu, mchanga utoke. Kuinua kichwa, nakuta watu wameachama, simu ziko juu, na mbinguni hamna kitu.

Niliumia kuliko inavyostahili. Mimi tangu Mrisho wangu afie Mpanda, akazikwa kabla sijafika kwa kuwa mvua ilikuwa imekata reli, nimekuwa mtu wa kukuta mambo yamekwisha. Mume wangu sikumwona, sikumuaga. Mwaka wa pili huu, na bado ningetoa chochote nisikie hata kikohozi chake tu.

Basi, ndotoni tume inakaa kwenye darasa. Mwenyekiti ni birika la chai, lile la bati, lina masizi tumboni.

"Mwamini binti Kapaya," linasema, "umeteuliwa kwa sababu ni wewe peke yako hukuona. Waliotazama wote wana upande."

"Shikamoo," nasema, maana ni birika la makamo.

"Marahaba. Vua masikio."

Naelezwa kwamba ni kanuni. Jambo ni la mwanga, kwa hiyo ushahidi unaokubalika ni wa macho tu. Mlangoni kumepigwa misumari, na kila msumari una jozi ya masikio. Navua yangu, nayatundika jirani na ya Bi Nyamizi, mwenzangu wa ukuta mmoja, ambayo nayatambua kwa hereni. Hayaumi kuyavua. Usiniulize niliendeleaje kusikia. Nilikuwa nawasoma midomo, na birika mdomo wake ni mmoja, tena mrefu.

Shahidi wa kwanza ni huyo huyo Bi Nyamizi. Macho yake yanawekwa kwenye kisosi, yanapepesa.

"Macho, mliona nini?" birika linauliza.

"Mwanga. Uliwaka, ukatulia. Ukawaka, ukatulia. Ukawaka tena, ukatulia kidogo zaidi. Halafu ukarudi kinyumenyume, taratibu."

"Mkafanya nini?"

"Tukaangalia picha kama zimetoka."

Shahidi wa pili ni mnara wa simu. Unaingia umejikunja kwa sababu ya dari. Unasema wakati ule ulikuwa na kazi nyingi, watu wote walikuwa wanapigiana kuulizana "umeona?", na haukupata nafasi ya kuona. Birika linaushukuru. Mnara unashindwa kutoka, tunaubakisha hapo hapo.

"Wajumbe," linasema birika, "ukweli umepatikana. Mwanga huo haujulikani. Tufunge kikao."

Ala! Damu ikanichemka. "Haujulikani ndiyo matokeo hayo? Watu wazima mmekaa mkutano mzima mje kutuambia haujulikani? Si hata kuku angetwambia!"

"Asiyekuwepo na lake halipo," linanijibu. "Kaa chini, Mwamini."

Nasonya, natoka. Mlangoni, kwa zile hasira, navaa masikio ambayo si yangu. Ni ya Bi Nyamizi, yananipwaya. Yananinong'oneza.

"Afadhali umekuja. Sisi tulisikia, basi tu hakuna aliyetuuliza."

"Mlisikia nini?"

"Hodi. Kila ulipowaka, hodi. Mara tatu, kwa adabu zote. Na soko zima mmekodoa macho, hakuna hata mmoja aliyeitikia karibu. Sasa mgeni akibisha mara ya tatu asiitikiwe, afanyeje? Akarudi zake."

"Sauti ilikuwa ya nani?"

"Ya mtu anayekohoa kwanza ndiyo abishe."

Mrisho alikuwa akibisha hodi hata kwake mwenyewe. Nilimcheka miaka yote: mwanamume gani wewe, unaomba ruhusa kuingia kwenye nyumba uliyoijenga? Ananiambia, "Mama Ramla, nyumba ina mwenyewe ndani, na mwenyewe ni wewe." Kisha anakohoa tena, anangoja niitikie.

Narudi ndani mbio. "Birika! Alikuwa anabisha hodi!"

"Hodi ya tatu ikipita, imepita," linasema. "Hiyo nayo ni kanuni."

"Nyie si ndio mnaosema mgeni njoo mwenyeji apone? Mwenyeji ni mimi. Na sijapona."

Mvuke unalitoka birika kidogo. "Ita basi," linasema, "lakini sisi hatujakutuma."

Hapo darasa si darasa tena, ni stesheni, na madawati ni mabenchi ya abiria. Nasimama ukingoni mwa reli ya kwenda Mpanda napiga kelele: "Karibu! Karibu ndani! Nimechelewa kuitikia, lakini karibu!" Aibu sina. Masikio yote ya misumarini yananisaidia kuita.

Mwanga unakuja juu ya reli, kwa mwendo wa mtu. Unapofika, stesheni imeshakuwa mlango wa nyumba yangu. Mwanga unakohoa.

"Hodi."

"Karibu, Baba Ramla. Karibu, pita."

Anavua malapa, anayapanga pembeni ya mlango kama mtu aliyelelewa. Anaingia, anakaa mkekani. Sura siioni, ni mwanga tu, lakini namna ya kukaa ni yake, mguu mmoja ameukunja.

"Juzi ni wewe?"

"Ni mimi. Nilikuja kuaga. Nikabisha, mkanipiga picha."

Nalia, nalia hasa. "Mimi sikukuona. Nilikuwa nimeinama."

"Nilikuona mgongo," anasema. "Ulikuwa unapepeta vizuri."

Mvua inaanza kupiga bati. Namwambia kwamba binti yetu Ramla amejifungua mtoto wa kike. Anauliza kama ana sauti. Namwambia ana kelele utadhani kameza spika. Anacheka, na chumba chote kinang'aa mpaka kwenye utando wa buibui ambao nimekuwa nikisema nitautoa.

Kisha anasema, "Haya, Mama Ramla, naomba ruhusa."

Kwetu mgeni haondoki mpaka mwenyeji amruhusu. Na huyu ninamjua. Nisipomruhusu, atakaa.

"Sikupi," nasema. "Kaa."

Anakaa. Mungu anisamehe, nafurahi. Mvua inanyesha, na mimi nimemshika mtu kwa adabu zake mwenyewe. Lakini naona anapungua. Alikuja anawaka kama karabai, sasa ni kibatari, na nyuma yake nauona ukuta. Halalamiki.

"Unaumia?"

"Kidogo."

Mrisho akisema kidogo ni sana. Alisema hivyo hivyo kwenye simu kutoka Mpanda, ile siku ya mwisho.

Nataka kusema kaa. Mdomo wangu wote unataka kusema kaa.

"Haya," nasema. "Ruhusa unayo, mume wangu. Nenda salama. Karibu tena."

"Ahsante," anasema. "Nimeshakaribia."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na kweli mvua ilikuwa imenyesha usiku, bado manyunyu. Nikajifuta uso, nikafungua mlango.

Kibaraza changu cha nje ni saruji tupu, hakina paa. Chote kilikuwa kimelowa, maji yametuama. Ila pembeni ya mlango palikuwa na alama mbili kavu za malapa, zimepangwa sambamba. Naishi peke yangu, na mguu wangu ni mdogo. Hizi zilikuwa za mguu mkubwa.

Manyunyu yalikuwa yanazila pembeni, kidogo kidogo. Nikazikanyaga, mguu huu hapa, mguu huu pale, nikajikunyata ili kivuli cha mwili wangu kizizuie zisilowe.

"Mama Ramla!" Bi Nyamizi aliniita kutoka dirishani kwake. "Asubuhi yote hii umesimama mvuani, una wazimu?"

"Niache kidogo, jirani," nikamwambia. "Hapa nilipo ni pakavu."