Mali ya Muungwana Mmoja

Saa kumi na robo alasiri fundi saa alikuwa mezani sebuleni, akipangusa vumbi kwenye katalogi ya mnada wa sarafu adimu iliyochapwa kabla baba yake hajazaliwa. Alikuwa nazo mia mbili na kumi na nne za namna hiyo. Sarafu adimu yenyewe hakuwa nayo hata moja, na kila aliyeuliza sababu alielezwa saa nzima, akaondoka na maswali zaidi. Mkewe alisema ni sawa na mtu mwenye njaa kukusanya menyu za hoteli. Fundi alikubali kwamba ni sawa kabisa, akaagiza nyingine.

Bibi yake mkewe, aliyefariki miaka thelathini iliyopita, akaingia kwa mlango wa uani na kujipangusa miguu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Nifungulie picha ya saba."

Alikuwa akija kila Jumanne tangu katalogi hiyo ifike kwa posta. Picha ya saba ilikuwa ya sarafu ya fedha yenye tundu. Mama yake bibi ndiye aliyeitoboa kwa msumari, akamvalisha bintiye shingoni siku alipoanza kutembea. Chini ya picha iliandikwa: "Adimu mno. Kwa bahati mbaya imeharibiwa kwa tundu. Mali ya muungwana mmoja."

"Namjua huyo," bibi alisema. "Aliiazima. Alisema anakwenda kuipima uzito tu."

Fundi akamsomea: gramu kumi na moja nukta sita sita.

"Ehe. Basi alipima kweli."

Siku hiyo alikuwa na ombi. Huko aliko anakaa na mama yake, na mama hachoki kumuuliza sarafu iko wapi. Akatiwe picha ile tu, hata kwa mkasi wa jikoni, akamwonyeshe.

Fundi alimpenda sana bibi huyu, na ombi lilimuuma. Lakini katalogi iliyokatwa picha, jamani, hata wa kuifungia maandazi hampati. Alijiona alivyo, mzee mzima na mvi zake, amekumbatia karatasi mbele ya marehemu kama anayeogopa kuporwa. Aliona haya hadi masikioni. Kisha akaenda duka la jirani kutoa fotokopi.

Sarafu ilitoka doa jeusi, hata tundu halionekani. Bibi aliikunja kwa adabu, akaiacha mezani.

"Umempa bibi yangu picha yake?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Katalogi kama hii zimebaki nne tu duniani, mke wangu."

Mkewe hakusema naye hadi Ijumaa.

Jumanne iliyofuata fundi alimwekea bibi kiti chenye mto, na glavu nyeupe za pamba, saizi ndogo, ili vidole vyake visiache alama. Bibi akazivaa, akaufikia ukurasa wake, akauliza kama anaruhusiwa kuigusa.

"Kidogo tu," fundi akasema.