Mteja wa Handeni

Mwezi wa kwanza Same huwaka jua mpaka mbuzi wakagombania kivuli cha nguzo ya umeme, na ndio mwezi huohuo mlima unapotushushia matunda. Maparachichi, pasheni, mafyulisi yenye manyoya, na juu ya yote mapeasi ya Chome, magumu, ya baridi, yenye madoa ya kahawia, ambayo ukiyang'ata maji yanatiririka hadi kwenye kiwiko. Wanaosema tunda la kiangazi ni embe, waacheni na maembe yao. Hawajui wanachokosa, na bora wasijue, maana mapeasi yenyewe hayatoshi.

Susana alikuwa akijua. Alizaliwa Chome, akalelewa Chome, na kila Jumamosi ya msimu alikuwa wa kwanza kufika gulioni na kikapu chake, kabla jua halijawa kali. Mwanamke wa miaka arobaini na saba, karani katika ofisi moja ya serikali pale mjini, nguo zimepigwa pasi, viatu vya kufunika vidole hata kwenye vumbi. Ukimwona akipita kati ya mafungu ya nyanya ungesema ni mgeni kutoka makao makuu. Na ndivyo alivyotaka aonekane.

Sasa nieleze jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulielewa. Sisi Wapare tunasemwa kwa ubahili, na tumezoea kutaniwa, lakini Susana aliuvumbua ubahili wa aina yake mwenyewe. Alikuwa anabania lugha. Miaka saba nyuma mzee mmoja alifika ofisini akamsalimu kwa Kipare, naye akaitikia kwa furaha, akamsaidia karatasi zake. Wiki iliyofuata walikuja wanne. Mwezi uliofuata walikuwa wakimgojea mlangoni kwake, huyu ana mtoto wa kutafutiwa shule, huyu ana kesi ya mpaka wa shamba, huyu amekuja kulala tu kwa kuwa gari la Chome limeshaondoka. Susana akachoka. Siku moja mwanamke akamsemesha Kipare sokoni, naye, bila hata kufikiri, akajibu kwa Kiswahili kilichonyooka, "Samahani, Kipare sikijui. Mimi ni mtu wa Handeni."

Handeni! Hata Handeni kwenyewe hajawahi kushuka kwenye gari. Lakini uongo ule ulimnogea, maana aligundua faida yake siku hiyohiyo. Wauzaji wakiamini hujui Kipare, wanajadiliana bei ya mwisho mbele ya pua yako. Wewe unainama unachagua nyanya, masikio yako yanachukua kila kitu, kisha unataja bei ileile waliyokubaliana na wao wanabaki wanashangaa. Tangu hapo Susana hakuwahi kulipa zaidi ya bei ya mwisho, wala hakuwahi kuulizwa tena, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Tatizo ni kwamba alikuwa mtoto wa mtu. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaacha kunyonya, akachukuliwa na mama yake mdogo, Raheli, mke wa Eliezeri, ambaye alimbeba mgongoni hadi siku alipoanza darasa la kwanza na wengine walipomcheka. Raheli ndiye mama pekee aliyemjua. Susana alipojenga nyumba Same alitenga chumba cha uani, akamwambia, "Mama, hiki chako. Nikimaliza tu kupiga sakafu nakuja kukuchukua." Sakafu ilipigwa. Kisha chumba kikawekwa mifuko ya chakula cha kuku, kwa muda tu, na safari za Chome zikawa za Krismasi, halafu za misiba, halafu basi. Barabara mbaya, alikuwa akisema, na kweli ni mbaya. Lakini yeye mwenyewe alijua kwamba alichokuwa akikikimbia ni wale watu wa kumgojea njiani, na kwamba kwa kuwakimbia wao alikuwa amemkimbia na Raheli.

Asubuhi ile simu yake ilikuwa imelia mara tatu, namba ngeni. Hakupokea. Alishajifunza kwamba simu ya alfajiri kutoka namba usiyoijua ni ama ya ada ya shule ama ya jeneza. Akaizima sauti, akaitia kwenye pochi, akaenda gulioni, siku hiyo akiwa amechelewa.

Mapeasi aliyaona kutoka mbali. Wanawake wawili walikuwa wamekaa nyuma ya tenga moja kubwa lililofunikwa kwa majani ya migomba, mmoja binti wa kama miaka thelathini, mwingine mtu mzima aliyejifunga kanga mbili. Yule binti alipomwona akasimama kabisa, akamsalimu kwa Kipare, salamu ndefu yenye heshima zote, habari za kwenu, habari za nyumbani, na mwishoni akauliza, nyumbani kwenu ni wapi?

Susana akatabasamu lile tabasamu lake la ofisini. "Samahani mwanangu, Kipare sikijui. Mimi ni mtu wa Handeni."

Uso wa binti ulishuka kidogo. "Basi karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya mapeasi mnauzaje?"

Binti akataja bei, Susana akaguna kama ilivyo desturi, akainama kuchagua. Yalikuwa mazuri ajabu. Kila moja limechumwa na kikonyo chake, hakuna hata lililodondoka. Akaanza kuyapanga pembeni, masikio wazi, akisubiri wale wawili wafike kwenye bei ya mwisho.

"Huyu naye siye?" aliuliza yule mtu mzima kwa Kipare.

"Siye, Mama Dorkas. Wa Handeni."

"Jenifer, sasa umeshawasalimia wangapi?"

"Sijui tena. Kila mwanamke wa umri ule aliyepita tangu kumekucha. Si ndivyo alivyoniagiza Raheli? Alisema, wewe msemeshe tu Kipare, mwanangu atakujibu, utamjua kwa sauti yake ya Kichome. Hawezi kupitisha Jumamosi ya mapeasi, na yale ya chini ya tenga mpe, ni yake."

Mkono wa Susana ulibaki juu ya peasi. Maraheli Upareni wako wengi, alijiambia. Kila ukoo una wake.

"Na basi linapita saa tatu na nusu," Dorkas aliendelea. "Masikini Raheli wa Eliezeri. Tangu tushuke naye kwenye lori alfajiri yuko stendi amekaa juu ya mzigo wake, shingo imemwuma kwa kugeuka. Kitinda mimba wake Fredrick, aliyekuja kumchukua, anamwambia mama twende tukanywe chai, hataki, anasema Susana atapita asimkute."

"Hivi Ifakara ni mbali sana?"

"Mbali. Na kwa macho yake yale, harudi tena huku. Miaka yote amesubiri chumba cha Same. Akiambiwa aende kwa Fredrick anasema ngoja, Susana anapiga sakafu. Sakafu gani hiyo ya miaka saba?"

Susana aliliacha peasi. Akatazama saa. Saa tatu na dakika kumi. Stendi haikuwa mbali. Kilichotakiwa ni afungue mdomo tu, na mdomo haukufunguka. Aseme nini? Kwamba ndiye yeye, aliyeulizwa nyumbani kwao ni wapi akajibu Handeni? Alitafuta njia ya pembeni, kama mtu anayeingia nyumbani kwa mlango wa uani.

"Haya mapeasi ni ya shamba lenu?" aliuliza kwa Kiswahili. Sauti yake mwenyewe aliisikia ngeni.

"Ya shambani tu, mama," Jenifer akajibu kwa upole.

"Shamba la nani?"

"Kwetu huko juu. Huwezi kupajua." Na hapo binti akanyamaza, kwa sababu mambo ya nyumbani haambiwi mtu wa kupita. Susana mwenyewe ndivyo alivyolelewa.

Akasimama pale akiyageuzageuza mapeasi asiyoyaona. Mteja mwingine akaja, akauliza bei, akaondoka. Dorkas akasema kwa Kipare kwamba huyu mama wa Handeni ana maringo, anashika tu hanunui. Saa tatu na robo ikapita. Zile ndizo dakika ambazo Susana angezililia baadaye kuliko zote, maana miaka saba mtu anaweza kuitolea sababu, lakini dakika zile hazikuwa na sababu yoyote isipokuwa aibu.

Hatimaye akasema kwa Kipare, "Susana ni mimi."

Yalitoka vibaya. Ulimi ulikuwa umeota kutu, maneno yakaja na lafudhi ya mjini. Wale wawili wakamtazama kana kwamba tenga limezungumza.

"Mama," Jenifer akasema taratibu, "si umesema wewe ni wa Handeni?"

"Nilisema uongo."

Dorkas akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Umesikia mapeasi yana mwenyewe, ndiyo Kipare kimekujia? Sogea huko, dada. Vya mtu tulivyoagizwa hatuvitoi kwa kila anayepita."

"Siyataki mapeasi! Namtaka mama yangu!" Watu wa mafungu ya jirani waligeuka. Susana hakujali tena, machozi yalikuwa yameshaanza. "Raheli hali makande yaliyolala. Kila asubuhi anampa jirani yaliyobaki, halafu anashinda akijutia chumvi yake. Akienda kanisani anabeba viatu mkononi, anavivaa mlangoni. Peasi analichuma kwa kulizungusha, halivuti, na ukilivuta anakuchapa. Mnataka niseme nini kingine?"

Kicheko cha Dorkas kikakatika. Yeye na Jenifer walikuwa majirani waliohamia Susana akiwa ameshaacha kupanda Chome; makande yale alikuwa ameyala yeye mwenyewe, miaka na miaka. Akamtazama Susana kuanzia viatu hadi nywele, na kilichoonekana usoni mwake hakikuwa hasira tena, afadhali kingekuwa hasira.

"Nenda," alisema. "Kimbia."

Susana akakimbia na vile viatu vya kufunika vidole, kikapu akakiacha hapohapo. Alipita kati ya bodaboda, akamgonga mtu, hakuomba radhi. Alipofika stendi alikuta mahali penye kivuli chembamba kando ya ukuta, na mama muuza mayai ya kuchemsha amekaa karibu napo.

"Bibi mmoja," alisema akihema, "na mzigo, na kijana wake mtu mzima. Wanakwenda Ifakara."

"Aaa, yule bibi wa kugeukageuka? Wameondoka sasa hivi. Hata vumbi halijatua. Alitaka kumsubirisha dereva, wewe! Konda akambeba kama mtoto."

Susana akaitoa simu. Ile namba ngeni ilikuwa imepiga mara nne zaidi. Akapiga.

"Susana?" Ilikuwa sauti ya Fredrick, na nyuma yake mngurumo wa basi. "Dada, kwa nini hupokei? Ngoja. Mama, huyu hapa."

Kisha Raheli. Kwa Kipare, kwa sauti ya juu, kama anavyozungumza kwenye simu mtu anayeamini umbali hushindwa kwa kelele. "Mwanangu! Mwanangu wewe! U mzima?"

"Mzima, mama."

"Nimewaambia hapa. Huyu Fredrick alianza kukusema, nikamkatalia. Nikamwambia, Susana angekuwa Same angekuja. Huyo yuko safari ya kikazi, ndiyo maana hata simu haishiki. Si uko safari, mwanangu?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Niko hapa, mama, nimesimama ulipokuwa umekaa. Nilisalimiwa na msichana uliyemwagiza, nikamkana, nikakukana. Maneno yote yalikuwa tayari, na ya Kipare. Lakini alisikia jinsi bibi yule alivyokuwa akimsubiri aseme ndiyo, na akaona kwamba ukweli ungemuumiza mtu aliyekwisha kuumizwa vya kutosha. Au labda hicho nacho kilikuwa kisingizio tu, kama barabara.

"Ndiyo, mama," alisema. "Niko Dodoma. Kikazi."

"Unaona!" Raheli akamwambia Fredrick. "Nilikwambia mimi."

Na saa ileile, hatua mbili kutoka aliposimama Susana, mpiga debe akalipiga ngumi bati la Kosta akapaza sauti yake yote, "Lembeni, Mwanga, Moshi! Wa Lembeni! Mama, Lembeni? Lembeni hapa, inaondoka!"

Susana akaifunika simu kwa kiganja, akachelewa. Dodoma hakuna Kosta ya Lembeni.

Upande wa pili basi liliunguruma. Fredrick akauliza kitu. Tangu alipojifunza kusema, Susana hakuwahi kusemeshwa na Raheli hata siku moja kwa Kiswahili. Kiswahili cha Raheli kilikuwa cha karani, cha konda, cha daktari, cha watu asiowajua.

"Haya, mama," Raheli alisema sasa, kwa Kiswahili, polepole, kwa adabu zote. "Ahsante sana kwa kupiga simu. Wasalimie huko Dodoma."